Mshono wa Kiti cha Nyuma

Siku ya kwenda kukagua gari, Shazia alivaa ovaroli isiyo yake. Aliiazima kwa Daktari, fundi mitambo ambaye banda lake lilipakana na la kwake pale gereji, na aliitaka hivyo hivyo ilivyo, na oili yake mgongoni na bisibisi yake mfukoni. Alimwambia Daktari kwamba anakwenda kupaka rangi geti.

Kazi yake mwenyewe ilikuwa kushona viti vya magari. Ndiyo iliyompa jina, shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na umbo lake likaliafiki: mrefu, mwembamba, na mdomo wenye ncha. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa katikati ya magari yaliyopasuliwa vifua, akiwasikia mafundi wakibishana habari za gasketi na giaboksi, mpaka maneno yao yote akayajua. Maneno tu.

Ndugu zake walijua kwamba yuko gereji, basi. Wakikutana, hakukosekana wa kumvuta pembeni amwulize gari linakohoa asubuhi, dawa yake nini. Mwanzoni alijibu kwa mzaha. Walipoanza kumshukuru, akaacha mzaha. Alipopatia, sifa zilimfikia. Alipokosea, watu walivilaumu vipuri feki. Mtu akiishi hivyo miaka mingi, huanza kujiamini kuliko wanavyomwamini.

Dada yake mdogo, Mama Pacha, alishona sare za shule. Alitaka stesheni wagoni, lile gari la mgongo mrefu ambalo ukilaza viti vya nyuma, majora ya vitambaa yanaingia yamenyooka kama watu waliolala. Alijibana miaka minne. Kisha akaliona moja la Ulaya, lililotumika, kwa mpimaji ardhi mstaafu, na bei yake ilikuwa chini ya vigari vidogo vya Kijapani. Waliosikia walimtisha. Gari la Ulaya, walisema, kulinunua ni kubisha hodi tu. Gharama zinakungoja sebuleni. Ndipo alipompigia kaka yake aje alitazame, amwambie pia matengenezo ya mwaka wa kwanza yatamla kiasi gani, ajue kama ataliweza au atabaki nalo kama pambo.

Shazia alilikagua kweli kweli, kwa namna ya kutazamika. Alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kama alivyomwona Daktari akifanya. Akasikia ngurumo. Ya uzima au ya ugonjwa, hakujua, lakini alitikisa kichwa kama aliyepata jibu. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Akajilaza kwenye nyasi, akajisukuma chini ya gari, akakutana na vyuma vingi asivyovijua. Akagonga viwili kwa kifundo cha kidole, na vyote viwili vikalia.

Mama Pacha alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Alikalia kiti, akakibonyeza kwa kiganja huku na huku, akamwita kaka yake aje atazame na huku.

"Viti ni mapambo, Mama Pacha," Shazia alijibu kutoka mvunguni. "Gari linaendeshwa na injini."

Mpimaji mstaafu alicheka, na Shazia akafurahi kusikia kicheko hicho. Alipotoka mvunguni alimtajia dada yake matengenezo: oili na chujio lake, plagi, pedi za breki akipenda, tairi mbili mwakani. Mama Pacha aliandika kila kitu kwenye kidaftari cha vipimo, chini ya viuno na urefu wa mikono ya watoto wa watu.

"Basi?" aliuliza.

"Basi. Hiki ni chuma."

Mpimaji alikuwa mtu wa karatasi. Mkataba wake ulimruhusu mnunuzi kurudisha gari ndani ya siku saba akigundua kasoro, ila kama lilikaguliwa na fundi mitambo wa mnunuzi mwenyewe na akaridhika nalo. Alimgeukia Shazia akamwuliza kama yeye ndiye fundi mitambo. Shazia aliitazama ovaroli kifuani mwake, kama vile swali lilikuwa la ovaroli.

"Ndiye," akasema, na akatia sahihi.

Siku ya tano Mama Pacha alilileta gari gereji, akaliacha, akarudi dukani kwake. Upande mmoja wa kiti cha nyuma ulikataa kulala, na jua likiwaka kulikuwa na harufu, kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Shazia alipokea funguo kwa moyo mkunjufu. Hii sasa ilikuwa kazi yake. Alikifungua kiti, akakitoa nje, akakipindua juu ya meza.

Hakuhitaji hata kuvaa miwani. Mshono wa chini, wa urefu wa mkono mzima, haukuwa wa kiwandani. Ulishonwa kwa mkono, kwa uzi wa nailoni, na mtu mwenye haraka. Mwanafunzi wake wa wiki mbili angeuona. Aliufumua. Ndani, sponji ilikuwa na mstari wa rangi ya udongo, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na chini ya mstari kulikuwa na vumbi laini la tope lililokauka, na jani moja la nyasi. Reli za kiti zilikuwa zimeliwa na kutu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya gari anayo sponji: gari hili lilikuwa limekaa ndani ya maji mpaka kwenye viti.

Alisimama pale na kisu cha kufumulia mkononi. Kitu kimoja duniani alichokijua kuliko watu wote wa mtaa ule kilikuwa pale, chini ya makalio ya dada yake, naye siku ile alikuwa mvunguni akigonga vyuma.

Na hapa hadithi isimwonee haya. Shazia hakumkimbilia dada yake. Alitia uzi kwenye sindano. Aliwaza kwamba angeifuta reli kwa oili, anyunyize manukato, arudishe mshono, safari hii kwa ufundi. Siku nyaya zitakapokufa, mwaka huu au mwakani, atasema magari ya Ulaya ndivyo yalivyo, na kila mtu atakubali, kwa kuwa kila mtu alishasema hivyo. Alipiga mishono miwili.

Daktari akaja kudai ovaroli yake. Aliiona sponji kabla hajasalimu. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule mstari, kisha akaingia garini na kuinua zulia la chini ya kiti cha dereva.

"Gari la Ulaya likinywa maji halilewi siku hiyo hiyo," alisema. "La Kijapani ungelitibu kwa waya na nyundo. Hili lina kompyuta ya giaboksi hapa chini, na nyaya za mifuko ya hewa zinapita huku. Mwaka huu litakuwashia taa moja kwenye dashibodi, mwakani zitawaka zote kama maduka ya sikukuu."

Alizitaja gharama moja baada ya nyingine bila kuandika, na kwa kila aliyoitaja Shazia aliona jora la kitambaa likitoka dukani kwa dada yake. Kwa jumla zilifika nusu ya bei ya gari. Daktari akauliza ni nani mjinga aliyelikagua. Daktari aliigeuza ovaroli iliyoning'inia kwenye msumari. Mgongoni, kwenye oili, kulikuwa kumeganda nyasi.

"Geti lilikuwa limelala chini?" akauliza.

Kama angecheka, ingekuwa nafuu. Hakucheka. Aliikunja ovaroli taratibu, akaitia kwapani, akaondoka. Shazia akaifumua ile mishono miwili. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama angeifumua Daktari asingetokea, na jibu alilopata hakulipenda.

Aliibeba sponji kichwani mpaka dukani kwa Mama Pacha, mitaa mitatu, watu wakimtazama. Dada yake alizima cherehani. Aliutazama mstari, akausugua kwa gumba kama anayepima doa litatoka au halitoki. Baba yao alikuwa fundi cherehani. Aliwafundisha wote wawili kwenye mashine moja, na somo lake la kwanza halikuwa la mashine: nguo haiulizwi bei kabla hujaigeuza ndani nje. Waliwahi kuchapwa kwa kusahau.

"Kiti umekigeuza leo?" Mama Pacha aliuliza.

"Leo."

"Twende kwa mzee kesho, kabla siku saba hazijaisha," alisema, na akawasha cherehani.

Kesho yake walilirudisha gari, kiti kikiwa bado kimefumuliwa, na mpimaji akawapokea barazani. Aliisikiliza habari ya sponji, akasema naye alilinunua gari likiwa hivyo na wala hakuwahi kupasua kiti, maneno ambayo Shazia aliyaamini, kwa sababu hata yeye hakupasua. Kisha mzee akatoa mkataba na kuusoma kwa sauti ya taratibu: fundi mitambo wa mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo. Akauweka mezani, akaugeuza sahihi imwelekee mwenye sahihi.

Mama Pacha alitazama mikono yake mwenyewe, na Shazia akaelewa kwamba hatamsaidia, wala hatamzuia.

"Mimi si fundi mitambo," alisema. "Nashona viti. Injini siijui, wala siku ile sikujua nilichokuwa nikisikiliza. Nilikudanganya wewe mzee, na nilimdanganya dada yangu."

"Unashona viti," alisema mpimaji.

"Ndiyo."

"Na viti hukuvitazama."

"Sikuvitazama."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akairudisha, kana kwamba alitaka kumwona mtu huyu vizuri zaidi. Alisema alipima ardhi miaka thelathini, na jiwe la mpaka likiwekwa na asiye mpimaji si mpaka, ni jiwe. Alimpa kalamu. Alitaka aandike kwa mkono wake, pembeni ya ile sahihi, kwamba aliyekagua gari hakuwa fundi mitambo. Shazia aliacha shule mapema na mwandiko wake ulikuwa wa kupanda mlima. Ilimchukua muda mrefu, na wawili wale walimngoja, na kalamu ilisikika ikikwaruza. Alipomaliza, mzee aliingia ndani akarudi na fedha zote kwenye bahasha ileile ya Mama Pacha. Hakuwa hata ameifungua.

Shazia alikuwa amekuja na sindano yake ili walau akishone kiti na kukirudisha mahali pake. Alikuwa tayari ameinama mlangoni mwa gari, uzi umeshapita tunduni.

"Usishone," mpimaji alimwambia. "Uache wazi. Atakayekuja aone mwenyewe."

Walirudi kwa miguu. Bahasha ilikuwa ndani ya mkoba wa Mama Pacha, na mkoba alikuwa ameuvaa upande wa mbali na kaka yake. Pengine bila kukusudia. Shazia alimwambia kwamba ataenda kumwomba Daktari amtafutie gari jingine, na safari hiyo yeye atanyamaza. Dada yake akajibu bila kupunguza mwendo.

"Ya injini nilijua unabahatisha, kaka. Tangu ulipoibahatisha ile pikipiki ya mume wangu ikafa, nilijua. Wa kutazama injini ningemlipa mtu mwingine. Wewe nilikuita kwa sababu ni mtoto wa Baba. Nilijua lazima utakigeuza kiti. Nilipoona hujakigeuza, nikajiambia, basi jicho lake limeona kwa nje, limetosha."

Simu ya Shazia ikalia. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yao mkubwa, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Gari lake lilikuwa linapanda joto kwenye vilima, alitaka kujua atoe themostati au aongeze maji tu.

"Mimi nashona viti, shemeji," alisema Shazia. "Muulize fundi."

Shemeji alicheka sana. Akasema haya, utani tumeusikia, sasa niambie, nitoe au nisitoe? Mama Pacha alikuwa amepunguza mwendo. Shazia akabadilisha simu sikio, akalisema tena neno lilelile, na mara hii ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.