Mgongo wa Casimir

Asikudanganye mtu kwamba maisha ya mpiga gita ni starehe tupu. Casimir wa bendi ya Kikula Fiesta alisifiwa kuanzia mtaa wa Kikula mpaka ule wa Panda, lakini gita lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa mali ya patron, mwenye baa, pamoja na ampli ya kukuza sauti na ngoma. Hata yale mashati ya maua waliyovaa wote, ukiacha bendi unavua na kurudisha! Leo wanapanda lori mpaka Tshangalele kupiga kwenye harusi ya wavuvi, wanakula samaki mpaka mikanda inalegezwa. Wiki ijayo ampli inaungua kule Buluo katikati ya wimbo, watu wanazomea, na bendi inarudi mjini kwa miguu, ngoma kichwani. Na kesho yake ukimuuliza Casimir habari, anacheka meno yote nje. Kazi hiyo aliipenda, basi.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: Marceline, binti wa baba Isidore. Isidore huyu alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye kiwanda cha shaba, mtu wa asili ya Kasai, viatu vyake viking'aa hata wakati wa matope. Casimir alikuwa amemtuma mjomba wake kwenda kuposa. Jibu alilorudi nalo mjomba lilikuwa chungu.

"Ameniambia hivi: mutoto wake wa mwisho apate kwanza komunyo, kisha ndiyo atajibu. Lakini amesema tena, bapiga gita habana heshima. Kila baa, bibi mwingine."

"Minye?" Casimir aliruka. "Minye niko na bibi kila baa? Hata muda wa kufua shati sina!"

Sasa angalia mambo. Siku ya mtoto huyo kupokea komunyo yake ya kwanza kanisani ilipokaribia, mama Germaine, mke wa Isidore, alisema feti ya kumpongeza mtoto bila bendi si feti, ni matanga. Akaenda mwenyewe kwa patron, akakodi bendi. Bendi gani? Patron alikuwa na moja tu.

"Yesu Maria!" Casimir alishika kichwa. "Nipige mbele ya mama mukwe?"

"Bado si mukwe wako," alisema Adolphe, mwimbaji, rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Na gita la solo ni weye peke yako. Bila weye tutaenda kupiga nini kule, makopo?"

Adolphe hakuelewa, maana alitoka mbali na kwao mambo yalikuwa mengine. Lakini Casimir alilelewa na bibi yake mzaa mama, na bibi huyo alimfunza kama Isidore alivyofunzwa kwao: mama mkwe hatazamwi. Mkikutana njiani unampisha, macho chini. Na kumwangalia akicheza, akitikisa kiuno, mama aliyemzaa mke wako? Afadhali uchomwe moto.

Jumapili ya komunyo, baada ya misa, ua wa Isidore ulijaa. Bukari, yaani ugali, ilikuwepo, kuku walikuwepo, bia haikukosekana. Casimir alijibanza nyuma ya mpiga ngoma akapiga kwa adabu, na mambo yakaenda vizuri kabisa. Mpaka Adolphe alipoamua kumsaidia rafiki yake.

Kazi ya bendi ina desturi yake: mwimbaji akikutaja jina kwenye wimbo, unatoka kucheza. Ukikataa, umemtukana. Adolphe akaona, nikimsifu mama, baba atalainika. Akavuta pumzi.

"Mama Germaine eee! Mama wa furaha, toka tukuone!"

Vigelegele! Wanawake wakamsukuma. Mama Germaine akavua viatu, akakaza kitenge, akaingia katikati. Na alijua kucheza, yule mama, loo!

Casimir akabanwa pande mbili. Akiacha kupiga, ameharibu feti. Akipiga huku anatazama, amejiharibu mwenyewe. Basi akageuka. Aliwapa mgongo wageni wote, akaelekea ukuta wa jiko, pua karibu iguse tofali, akapiga. Alipiga kuliko siku zote za maisha yake, kwa woga mtupu.

"Style mpya!" vijana wakapiga kelele.

Isidore hakuona style. Alisimama, shingo imevimba.

"Ule kijana ananipa mugongo? Kwangu? Katika feti yangu?" Akamfikia, akamshika bega. "Geuka!"

"Unisamehe, baba. Siwezi. Mama anacheza."

"Na kisha? Akicheza, weye ni nani?"

Casimir hakuacha kupiga.

"Kama minye si mukwe wako, baba, sema hapa mbele ya bantu. Nitageuka sasa hivi, nimuangalie mama sawa bengine. Kama hausemi, uniache na ukuta wangu."

Isidore alifungua mdomo amkatae, kisha akageuka. Akawatazama wageni wake. Kapita wenzake, majirani, hata mkuu wa kwaya na miwani yake, wanaume wote uani walikuwa wamemkodolea macho mke wake. Wote, isipokuwa huyu asiye na heshima. Pale mlangoni Marceline alisimama na sahani ya bukari mkononi.

Isidore akaweka tai yake sawa.

"Baki vile vile," alisema. "Na upige muzuri. Mama yako bado hajachoka."

Mama yako! Sahani ya Marceline ilianguka, vigelegele vikapanda, na Adolphe akaanza kuimba jina la Isidore kwa nguvu zake zote. Casimir hakugeuka. Alipiga machozi yakimtiririka, akilichekea lile tofali lililo mbele yake.