Salama kwa Kula

Jua halijakolea, na tayari Mawingu alikuwa ameshapuliza embe na mnanaa. Sasa alikuwa kwenye siagi, ladha iliyouzika kuliko zote. Jina hilo alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa duka la sigara za umeme, kuvuta, na kutoa wingu zito mpaka wapita njia wasimame.

"Ongeza, vijana wa chuo hao," bosi alisema.

"Bosi, kifua kinabana. Jana ngazi za nyumbani zilinishinda, nikakaa katikati kama bibi kizee."

"Kunywa maji ya moto. Huu si moshi, ni mvuke. Umeona wapi mtu akauawa na birika?"

Akacheka peke yake. Mawingu akavuta tena. Safari hii pumzi iliingia, ikagoma kutoka. Midomo ikambadilika rangi, akaanguka miguuni pa wateja.

Mama yake, fundi cherehani, alifika hospitali na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Daktari akamweleza: vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu vimeota makovu, vinaziba. Anachoshuku ni kemikali inayotia ladha ya siagi.

"Mbona chupa ya hiyo ladha imeandikwa salama? Nimesoma kwa macho yangu."

"Salama kwa kula, mama. Pafu si tumbo."

"Atapona lini?"

Daktari akavua miwani. "Tutajitahidi isizidi. Kilichokwisha kuharibika hakirudi."

Jioni bosi akaja na mfuko wa machungwa, nyuma yake mkaguzi wa biashara, macho kwenye simu.

"Nimeelezwa binti ana pumu tangu utotoni," mkaguzi akasema.

"Na nani? Huyu alikuwa akiwashinda wavulana mbio!"

"Mama, tusikuze mambo," bosi akaingilia kwa sauti ya asali. "Sema pumu, nami nitamtunza kama mwanangu."

"Mwanao umemsimamisha mlangoni lini?"

Mama akamgeukia mkaguzi. "Na wewe, hayo maji yao ya kuvuta mmewahi kuyapima?"

"Mimi nakagua leseni, mama. Leseni anayo. Mambo ya hewa si idara yangu."

"Kwa hiyo mapafu ya mwanangu ni idara ya nani?"

Mkaguzi akarudi kwenye simu yake. Mawingu akasogeza barakoa ya oksijeni. "Leo... mlangoni... yuko nani?"

"Kuna msichana mpya," bosi akasema. "Wa muda tu."

Asubuhi yake mama hakufungua cherehani. Alibeba kigoda hadi duka lile, akaketi katikati ya mlango, na kila aliyekaribia akamsimulia yaliyompata mwanawe. Bosi akaita askari.

"Mama, unazuia biashara ya watu," askari mmoja akasema.

"Ndiyo, naizuia."

Wakamshika mikono, mmoja huku, mmoja kule. Mama akamgeukia msichana mpya, aliyesimama nyuma yake na sigara ya umeme mkononi. "Mwanangu, weka chini hicho kidude, upumue."

"Vuta, wateja wanaondoka!" bosi akafoka.

Msichana alikuwa bado amekishika, lakini hakukipeleka mdomoni.