Aliyezaliwa Ng'ambo ya Mpaka

Enesi aliacha kupukuchua mahindi, akasogelea redio. Alikuwa amehitimu mafunzo ya mgambo hapa Tunduma na kuomba kazi ya polisi, lakini, ingawa baba yake ni Mtanzania, alizaliwa Nakonde, upande wa Zambia, kwa sababu kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Sasa mbunge mmoja alikuwa akiuliza kama vijana wa namna hiyo wataajiriwa.

"Mama, wakisema mimi ni mgeni?"

"Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Lako limeshalika nusu!"

Waziri akajibu: mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania, popote alipozaliwa. Enesi akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga.

"Haya, afande," mama akacheka, "rudi kwenye mahindi."