Bibi Hazimwi Kienyeji

Habari za mashine hazinipigi chenga hata moja, ukiondoa zile za ndani ya mashine. Za nje nazimudu: sanduku, nyaya, taa na feni inayokoroma. Seva ya benki ya damu ilikuwa na vyote hivyo, na kwa miaka kumi na miwili haikuwahi kuzimwa. Mafundi waliiita Bibi. Mchana huo Bibi alianza kugota, ko, ko, ko, kama mgeni asiyependa kungojeshwa mlangoni.

Fundi mkuu alisikia mgoto ule akaelewa. Diski inakufa, na ndani yake ndimo lilimokaa daftari la makundi ya damu ya hospitali nzima. Ilikuwa saa saba na nusu. Saa kumi kuna mama wa pacha wa kupasuliwa.

Hapana budi Bibi ahamishwe leo leo, awe mashine pepe: mashine isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya mashine kubwa kama mpangaji kwenye nyumba ya watu. Lakini kwa njia ipi? Wakimnakili huku anafanya kazi na wauguzi wanaandika, jina litanakiliwa sasa na kundi la damu baadaye, vipishane njiani, mtu atiwe damu isiyo yake. Wakimzima kwanza, watanakili diski iliyotulia, kila kitu mahali pake. Ila mzee wa namna hii akishalala, nani wa kukuapia kwamba ataamka?

"Mzime tu, shemeji," alisema msaidizi wake, mdogo wa mumewe, mtu mzima mwenye upara wa kujitazamia. Kazini walimwita Tayari, maana hakuna kazi aliyowahi kuulizwa akakosa kuwa ameimaliza. "Asipoamka, tuna nakala ya akiba ya jana jioni."

"Umeijaribu?"

"Tayari. Leo alfajiri, wewe bado unachana nywele. Imefunguka yote."

"Shemeji, niangalie. Bibi asipoamka, hiyo nakala ndiyo roho ya hospitali nzima."

"Nimekuangalia. Tayari."

Sista wa benki ya damu alisimama mlangoni, saa mkononi. "Wanangu, mnazima au mnasalimiana?"

Ko, ko. Kisha kimya. Kisha ko.

Fundi mkuu akaweka kidole kwenye kitufe. Lakini alikuwa na desturi yake, iliyowachosha wote pale kazini: hazimi kitu mpaka aliyeijaribu nakala amtajie mtu wa mwisho aliyeandikwa humo.

"Wa mwisho nani?"

Macho ya Tayari yakakimbilia majina kwenye kioo cha Bibi, yakarudi upesi. "Mama wa pacha. Kitanda cha sita. O hasi."

"Kitanda cha sita?" Sista akashusha saa yake. "Huyo nimemwandika mwenyewe, leo saa tatu asubuhi. Jana alikuwa kwake anafua."

Kidole kikaondoka kwenye kitufe polepole.

"Shemeji," alisema fundi mkuu, kwa sauti ya chini kuliko feni, "nakala ya jana imemjuaje mgonjwa wa leo?"

Tayari akapapasa upara, akaitazama sakafu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, likamtoka neno jingine.

"Bado," akasema. "Bado sijaijaribu."