Pengo la Kona ya Tatu

Jumamosi saa nane mchana Verlene Stamey alikaa kwenye jukwaa la mbao, penseli sikioni, saa ya mumewe kiganjani, chupa ya soda iliyotiwa karanga miguuni. Katika viwanja vya udongo vya Carolina, Marekani, kila dereva wa mbio za magari huja na mtu wa kumhesabia mizunguko, na mara nyingi mtu huyo ni mkewe. Verlene alimhesabia Hoyt miaka kumi na minne. Alihesabu akiwa na mimba, mara tatu. Alihesabu hata ule mzunguko wa thelathini na mmoja, Hoyt alipoteleza kona ya tatu, akapita pale ambapo pangekuwa na reli ya chuma ya kuzuia magari, akaishia kwenye misonobari.

Reli ilikuwepo. Carswell, mwenye uwanja, aliing'oa mwaka wa hamsini na saba akajengea zizi la ng'ombe wake. Madereva wakamwomba airudishe. "Anayeogopa akasokote uzi kiwandani," akawajibu. Kabla ya Hoyt alikufa hapo Lonnie Bivens. Kabla ya Lonnie, mmoja wa ndugu wawili wa ukoo wa Teague, na watu wamesahau ni yupi. Verlene hakusahau. Alikuwa Clete.

Hoyt alizikwa Jumanne. Jumamosi hiyo akafika uwanjani na gari lake namba 47, paa likiwa bado limebonyea. Karani wa usajili akamtazama juu ya miwani.

"Umechelewa, Hoyt. Halafu fomu inataka saini ya daktari."

"Daktari alishasaini."

"Alisaini cheti cha kifo, ndugu yangu. Siyo hii."

Hoyt hakubishana. Tangu enzi za kusafirisha gongo ya mjomba wake milimani, taa zimezimwa, hakuwa mtu wa kubishana na karatasi. Akaendesha taratibu hadi kona ya tatu, akaliegesha gari kuziba pengo la reli.

Mzunguko wa tisa dereva Junie Rusk akateleza. Gari lake likalivaa la Hoyt ubavuni, likarudi njiani.

"Asante, mzee!" Junie akapiga kelele dirishani. "Ungekuwa hai ungenisukuma nje!"

Jukwaa zima likacheka. Verlene akaandika kwenye kadi yake ya hesabu: kugongwa, moja.

Mbio zilipokwisha alimfuata Carswell ofisini, akamkuta anakula mkate na soseji.

"Bwana Carswell, rudisha reli."

"Reli ya nini tena, mama? Mumeo si yuko pale?"

"Mume wangu amekufa."

"Ndiyo maana haumii."

"Anaumia."

"Kwani amelalamika?"

"Hakulalamika hata alipokuwa hai. Hicho ndicho mlichompendea."

Carswell akafuta haradali mdomoni. "Basi mwambie Jumamosi ijayo asogee kushoto kidogo. Anawazibia watu wa viti vya mbele wasione."

Jioni Hoyt alikaa mezani mbele ya maharage na mkate wa mahindi, asivyoweza kuvila. Verlene akamfungua shati. Mbavu tatu zilikuwa zimeingia ndani. Akazinyoosha kwa vidole, moja moja, kama mtu anayenyoosha uma uliopinda.

"Usiende tena, Hoyt. Carswell amekufanya ukuta wake."

"Nisipokwenda, Junie atakufa. Unajua anavyoingia kona."

Verlene alijua. Wote uwanjani walijua, na Carswell aliwatangulia kujua.

Hoyt akaenda kila Jumamosi. Carswell akabandika tangazo langoni: uwanja salama kuliko vyote wilayani. Msimu ulipofungwa, kadi zilisema Hoyt amegongwa mara mia moja na kumi na mbili, na hakuna dereva aliyekufa. Verlene akampelekea Carswell kadi zote. Akazipokea kwa adabu, akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akauliza kama Hoyt ataweza kuanza mapema mwakani.

Reli ingali kwenye zizi. Carswell huipaka rangi kila masika, na hajawahi kupoteza ng'ombe hata mmoja.