Karatasi ya Getini

Wiki ya tatu sasa mama alikuwa akizungukia njia ya nyuma kwenda sokoni, asije akapita mbele ya kiwanda cha kufulia alikofanya kazi. Pale getini, kwa amri ya bosi, palibandikwa karatasi yenye jina lake, na chini yake: MWIZI WA MAPAZIA.

Mapazia yenyewe yalikwishapatikana. Lebo yake ilikuwa 66. Wafuaji wote hupiga mstari chini ya tarakimu, kuonyesha upande wa chini. Msimamizi mgeni hakulijua hilo, akaisoma kichwa chini miguu juu, mapazia yakaenda kwa mteja wa 99. Bosi akatuma neno: mama arudi kazini, amesamehewa.

“Nirudi tu, mwanangu,” mama alisema. “Yaliyopita si ndwele.”

“Na ile karatasi, mama?”

Mama akainamia sufuria.

Binti, aliyeishia darasa la saba, akaenda kwa shangazi mpiga chapa, aliyekaa na mashine yake nje ya posta. Bosi alipokea barua za Kiingereza tu.

“Andika mama anaomba huruma.”

“Huruma? Kwani kaiba?” Shangazi alicheka mpaka miwani ikamshuka. “Kuna maneno haya: *I seek redress*. Watu huyanyunyiza kama chumvi. Lakini hayaombi pole, mwanangu. Yanadai kilichopindishwa kinyooshwe. Sema nani kakosea, kakosea nini, na mnataka kirekebishwe vipi. Ukikosa kimoja, usiyaguse.”

Binti akavitaja vyote vitatu, taratibu. Jioni mama akaitia sahihi barua iliyochapwa.

Asubuhi wakaingia kwa bosi.

“Si nimeshamsamehe? Mnataka nini tena?”

“Msamaha ni wa mkosaji, bosi,” binti alisema. “Tafadhali soma.”

Akasoma. Alipofika kwenye yale maneno, sauti ikapungua. Akasoma na mstari uliofuata: karatasi iondolewe na aliyeamuru ibandikwe, mbele ya waliokuwa wakiisoma.

“Nani kawafundisha haya?” Hakungoja jibu. “Yamekaa mahali pake.”

Binti hakuyaamini macho yake. Mtu yule, ambaye hata mashine zikilipuka hutuma mtu, alisimama. Alishuka ngazi, akapita katikati ya wafuaji, mashuka mikononi mwao, mpaka getini, akaibandua karatasi kwa kucha zake mwenyewe, kipande kwa kipande.

“Tulikosea sisi,” akasema, kwa sauti ya kusikika. “Mama huyu hakuiba.”

Mama alitazama ule ukuta mtupu wa getini. Kisha akatengeneza khanga, akatoka kwa geti la mbele, akashika njia ya sokoni.