Mtoto Aliyebaki Jorodom

Genoveva alikuwa anachambua maharage sebuleni kwake, kijijini Daudi, huku bintiye Brightness akitazama tamthilia ya enzi za Mjerumani. Siku hiyo ilionyesha msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Baba yake akamfukuza, akazalia ugenini, akamwacha mtoto kwa watu baki na kurudi kwao mikono mitupu.

"Mama gani huyo?" Brightness alifyonya. "Angekuwa wangu, hata shikamoo nisingempa."

Ungo ukamponyoka Genoveva. "Basi usiniamkie tena, mwanangu."

Brightness akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mama yake analia kweli, akazima televisheni.

Hapo Genoveva akasema yote: babu yake Brightness alivyomfukuza akiwa na miaka kumi na saba, wafugaji waliompokea kule Jorodom, chini ya mlima, na mtoto wa kiume aliyebaki mikononi mwao. Kila mwaka alijisemea, mwakani nitamwambia Brightness, twende wote tukamwone. Akaahirisha hivyo hivyo mpaka mlima ukaporomoka na tope likaingia Jorodom, na tangu siku hiyo hajathubutu kuuliza nani alipona.

"Anaitwa nani?" Brightness aliuliza polepole.

"Evarist." Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu.

"Nitakwenda kuuliza mimi, mama. Wewe utanisindikiza tu."

Genoveva akaitikia kwa kichwa. Nawe mama unayesoma, kama una mwana wa kutafutwa, mtafute angali anaweza kukujibu.